Banda la familia zote kijijini kwetu Newala: tulipokosea, tulivyojirekebisha, na ninachoomba kwenu

Mwana Newala (mleta uzi)

Habari za jioni wanajukwaa, na shikamooni wakubwa zangu.

Uzi huu nimeuahidi tangu mwaka jana, mara kupulizia mikorosho salfa, mara msimu wa korosho ukaingia, mara mgonjwa. Leo nimekaa niuandike wote. Ni mrefu, mnivumilie.

Kijiji chetu kiko juu ya uwanda wa Makonde. Mnaoifahamu Newala mnajua: udongo mwekundu wa kichanga, mikorosho kila upande, upepo wa jioni, na maji ya kugombania kwa sababu mto uko chini kabisa bondeni. Mimi ni mkulima, mama wa watoto wawili. Mdogo ana mtindio wa ubongo. Ana miaka saba, shingo bado haijakaza vizuri, na kabla ya banda hili alikuwa anatoka nyumbani kwenda sehemu mbili tu, hospitali na msibani.

Wazo lilianzia hapo. Kijijini hapakuwa na mahali ambapo familia inaweza kwenda ikakaa bila kuulizwa imefuata nini. Msikitini wana wao, kanisani wana wao. Ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, ni la wanachama. Ofisi ya kijiji unaenda ukiwa na shida au umeitwa. Kilabuni siwezi kwenda na mtoto.

Na familia zetu si za aina moja. Kuna bibi analea wajukuu watatu, mama yao yuko Dar es Salaam anafanya kazi za ndani. Kuna mzee mwenye wake watatu katika vitongoji viwili. Kuna nyumba baba Muislamu, mama Mkatoliki, watoto wamegawana. Kuna binti aliyezaa akiwa kidato cha pili. Kuna mjomba mjane anayelea wapwa zake. Kuna ndugu zetu waliotoka ng'ambo ya Ruvuma, wengine tangu vita ya ukombozi wa Msumbiji iliyoanza 1964, wengine wamekuja juzijuzi wakikimbia mauaji ya Cabo Delgado. Lugha yetu ni ileile Kimakonde, makaburi yetu yako pande zote mbili za mto, lakini mtu akishaitwa "wa ng'ambo" anakaa pembeni.

Tukakubaliana kujenga banda. Kuna shirika likatupa mabati na saruji, sisi tukatoa miti, mchanga, mawe na nguvu. Mchango wa kila kaya ulikuwa kilo mbili za korosho wakati wa msimu, kwa sababu hela taslimu mwezi wa tano huku kwetu huipati kwa mtu. Asiye na mikorosho alileta ndoo za mchanga, na kwenye daftari akaandikwa sawa na aliyeleta korosho. Hili nalisisitiza. Asiyechangia chochote siku ya ujenzi, siku ya kufungua anasimama nje hata kama umemwita.

Sasa tulipokosea.

Siku ya kwanza tuliweka meza mlangoni, karani na daftari la wageni. Fomu ilitoka kwa hao waliotusaidia mabati. Safu ya pili ilikuwa inasema "Mkuu wa kaya (baba)". Bibi niliyemtaja akaja na wajukuu zake, amewaogesha, mdogo kavaa fulana iliyopigwa pasi. Karani akauliza, "Mkuu wa kaya nani?" Bibi akajibu, "Ni mimi." Karani, kijana mwenye adabu tu, wala hakukusudia ubaya, akasema, "Hapana bibi, namaanisha mwanaume." Bibi alimtazama kidogo. Akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akamshika mdogo mkono, akageuka. Hakusema neno. Wajukuu wawili wakubwa walibaki wamesimama wanatazama mpira uliokuwa ndani, halafu wakamfuata.

Nilikuwa hatua tano kutoka pale. Sikufanya chochote.

Jioni ya tatu yake nikaenda kwake. Nilimkuta uani anabangua korosho, amejipaka majivu viganjani yale mafuta yasimchome, na bado ncha za vidole zilikuwa nyeusi. Nikasalimia, nikakaa chini, nikachukua kijiti nikaanza kubangua naye. Tumebangua kama nusu saa ndipo akasema: "Mwanangu, mimi hawa nimewachukua mmoja akiwa na wiki sita. Aliyeniuliza mwanaume yuko wapi, yeye anamjua?"

Wanajukwaa, na hii ni Kusini! Sisi Wamakonde, Wayao, Wamakua, Wamwera, ukoo wetu tangu asili unafuata upande wa mama. Mjomba ndiye aliyekuwa na sauti. Ilikuwaje tukaweka mlangoni swali ambalo hata wazee wetu wasingeliuliza hivyo?

Tulichana ile fomu. Daftari la sasa lina maswali matatu tu: mtoto anaitwa nani, nani anamlea, na kuna jambo gani tulijue ili akae vizuri. Safu ya tatu ndiyo iliyotufungua macho. Watu waliandika "haoni vizuri mchana", "anaanguka kifafa", "haongei na wanaume", "hali nyama". Vitu ambavyo tumeishi navyo kijiji kimoja miaka yote na hatukuvijua.

Bibi yule amerudi. Haikuwa wiki ile, alirudi baada ya mwezi, nilipokwenda mara ya pili nikiwa na karani mwenyewe.

Kwa sasa banda linafunguliwa siku tatu kwa wiki. Nawaomba wenye uzoefu: ardhi, choo, namna ya kuwaleta wasiokuja. Leteni maarifa.

Kijana wa Nachingwea

Nipo mstari wa mbele nasoma. Hiyo ya bibi imeniuma.

Mtendaji Mstaafu

Hongera sana binti. Nimekuwa mtendaji wa kijiji miaka mingi katika mkoa huu, nina swali moja tu na jibu lake litaamua kama hilo banda litakuwepo miaka kumi ijayo. Kiwanja ni cha nani?

Nauliza kwa sababu nimeona lililotokea kijiji nilichofanyia kazi. Mzee mmoja mwema alitoa eneo kwa ajili ya shule ya chekechea. Alitamka hadharani, watu wakapiga makofi, hapakuandikwa kitu. Mzee akafariki. Watoto wake wakasema baba alitoa, sisi tumeridhia. Wapwa zake wakaja: lile shamba si la baba yenu, ni la ukoo wa mama yetu, mjomba alikuwa mlinzi tu. Na kwa mila walikuwa na hoja. Darasa lilikaa bila kuezekwa misimu miwili ya mvua mpaka kuta zikayeyuka.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, lakini haiwezi kugawa ardhi bila kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti akikuonyesha kiwanja kwa kidole, hajakupa kitu. Fanyeni hivi: jambo liingie kwenye ajenda ya mkutano mkuu, muhtasari uandikwe, mahudhurio yaambatishwe, saini na mhuri. Kama eneo lilikuwa la familia, waiteni watoto NA wapwa, wote waseme mbele ya mkutano na waweke saini. Ugomvi ukizuka kuna baraza la ardhi la kijiji, watu saba, wanawake wasiopungua watatu. Mkikuta halmashauri yenu imeweka mwanamke mmoja au hakuna kabisa, wakumbusheni.

Na funguo. Andikeni kwenye muhtasari nani anashika funguo. Nimeona majengo mengi ya umma yakigeuka stoo ya mtu kwa sababu ya kufuli tu.

Mwana Newala (mleta uzi)

Shikamoo baba. Eneo lilikuwa la kijiji, palikuwa na mti wa mkutano tangu enzi za kuhamia vijijini miaka ya sabini. Muhtasari upo. Lakini suala la funguo hatukuliandika. Alikuwa nazo mwenyekiti wa kitongoji, na siku akienda shamba tunakaa nje. Nitalipeleka mkutano ujao, ahsante sana.

Msema Kweli

Mimi nitakuwa tofauti. Huku ni kulea uzembe. Binti amezaa shuleni, badala ya kumfundisha adabu mnamjengea banda akae na wenzake wabadilishane mbinu. Familia ni baba, mama na watoto. Mkishaanza kusema kila mtu ni familia, vijana watajifunza nini?

Mwana Newala (mleta uzi)

Ndugu yangu, nakujibu kwa heshima. Yule binti alikuwa na miaka kumi na sita. Aliyempa mimba alikuwa mtu mzima mwenye pikipiki, naye hadi leo anapita barabarani kifua mbele, hakuna anayemzungumzia adabu. Novemba 2021 serikali ilitoa ruhusa wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito warudi darasani. Ruhusa ni kitu chema, ila mtoto anabaki na nani? Mama wa binti anatoka alfajiri kwenda kutafuta maji, akitoka huko shamba. Sasa mtoto anakaa bandani na bibi wawili wa zamu, binti anapita mchana kumnyonyesha, anarudi kipindi cha mwisho. Mwaka huu yuko kidato cha tatu. Uzembe uko wapi hapo?

Na hao baba, mama na watoto nao wanakuja. Mlango haujafungwa kwa mtu.

Fundi wa Masasi

Dada nakupongeza. Mimi ni fundi ujenzi, naomba nitoe machache kuhusu jengo maana watu wengi wanasema "tumewafikiria walemavu" halafu unakuta ngazi tatu mlangoni.

Njia ya mteremko: kwa kila sentimita 1 ya kimo weka sentimita 12 za urefu. Sakafu ikiwa juu sentimita 30, mteremko uwe na mita 3 na sentimita 60. Mafundi wetu huufanya mfupi ili kuokoa saruji, ukawa mkali, mwenye kiti mwendo hapandi mwenyewe na akishuka anaweza kubiruka. Usisakafie ukang'aa, piga mistari kwa fagio kabla saruji haijakauka. Mlango upana wa sentimita 90, na usiweke kizingiti.

Choo ndicho kinachofukuza watu kimyakimya. Chumba kimoja kiwe kikubwa, nafasi ya kugeuza kiti ni mita moja na nusu kwa mita moja na nusu. Weka bomba la kushikilia ukutani. Ukikosa sinki la kukalia, fundi seremala atakutengenezea kiti cha mbao chenye tundu, unakiweka juu ya shimo. Na mlango ufungukie nje. Mtu akiangukia ndani, mlango wa kufungukia ndani huwezi kuusukuma.

Maji: una paa, una maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Banda la mita 6 kwa 10, mvua ya milimita 10 tu inakupa karibu lita 600. Nunueni mifereji kabla ya rangi.

Mwana Newala (mleta uzi)

Fundi, umenigusa kwenye choo. Kuna mama mwenye mtoto mkubwa asiyetembea alikuwa anakuja saa moja tu na kuondoka. Tukadhani hapendi kukaa. Kumbe alikuwa anamrudisha nyumbani kujisaidia. Hakutuambia, nasi hatukumuuliza.

Simtanki la lita 5,000 tunalo, mifereji upande mmoja tu. Upande wa pili maji yanamwagika bure.

Mama wa Lindi

Habari mleta uzi. Mimi ni mama wa mtoto mwenye ualbino, niko Lindi vijijini. Naomba niseme kuhusu kivuli, maana kivuli kwa wenzetu ni starehe, kwetu ni dawa.

Banda lenu limeelekea wapi? Likiwa refu kutoka kaskazini kwenda kusini, jua la saa tatu linaingia upande mmoja na la saa kumi upande wa pili, mtoto wangu hana pa kukaa. Likilala mashariki na magharibi jua linapita juu ya paa. Kama limeshajengwa, shusheni makuti au majamvi pembeni. Michezo ya nje ipangwe kabla ya saa tatu au baada ya saa kumi, watoto wote wacheze muda huo. Mkimwambia wangu peke yake abaki ndani mmemtenga tena.

Mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa hospitali ya KCMC Moshi ni mazuri, ulizeni ustawi wa jamii wilayani namna ya kuyapata. Siyo ya urembo, msiwape watu wengine wajipake. Kofia iwe na ukingo pande zote. Kapelo inaacha masikio na shingo, na huko ndiko vidonda vinakoanzia. Kama kuna vitabu au picha ukutani, maandishi yawe makubwa na wangu akae mbele, macho yake hayaoni mbali.

La mwisho. Miaka ile ya mauaji ya wenye ualbino nilikuwa simwachi mwanangu hata kwa jirani. Nikisikia mahali panaitwa "pa watoto wote" nauliza kwanza nani anaangalia lango. Mniambie nani anaangalia lango lenu.

Mwana Newala (mleta uzi)

Dada yangu, pole, na ahsante kwa kuuliza. Watu wazima wawili wa zamu, mmoja lazima awe mwanamke, majina yao yamebandikwa ukutani kila siku. Mtoto hatoki na mtu ambaye jina lake haliko kwenye daftari kama mlezi, hata akisema ni baba mdogo. Tumeshagombana na baba wadogo wawili kwa hilo na hatujalegeza.

Banda letu, ole wangu, ni refu kaskazini kusini. Makuti tutashusha.

Kijana wa Nachingwea

Naomba kuuliza kuhusu wafugaji. Huku Lindi, baada ya wafugaji kuondolewa Usangu na Ihefu kule Mbeya mwaka 2006 wengi walielekezwa mkoa wetu, Kilwa, Liwale, na sehemu nyingine. Ng'ombe wameingia mashambani, watu wamepigana, na mpaka leo mtoto wa Kisukuma shuleni kwetu anaitwa "mfugaji" badala ya jina lake. Familia zao zinaishi mbali, kambini. Ukijenga banda katikati ya kijiji hawatakuja hata kidogo. Unafanyaje?

Binti wa Kilwa

Nikujibu mkuu maana tumepitia. Kwetu hatukujenga kitu. Tulianza na siku ya kliniki ya watoto, siku ambayo mama wa mfugaji na mama wa mkulima wote wanapanga foleni mzani mmoja. Tukaomba muuguzi abadilishe tu mpangilio: akina mama wakae duara juu ya mikeka, waache yale mabenchi ya foleni. Walikaa kimya mara mbili. Mara ya tatu mama mmoja wa Kisukuma akaleta maziwa mgando kwenye kibuyu, mwenzake wa kwetu akatoa ming'oko, vile viazi vya porini, aliyokuwa amechemsha. Mtoto akazunguka akionja kote kuwili.

Kesi za mazao hazijaisha, nisikudanganye. Ila sasa ng'ombe akiingia shambani, kuna mama anaweza kumpigia mwenzake simu kabla wanaume hawajachukua marungu. Imetokea mwezi uliopita kwenye shamba la ufuta la shangazi yangu. Walilipana wakiwa wamekaa.

Kwa hiyo ushauri wangu, msisubiri waje katikati. Nendeni palipo na kitu ambacho wote wanakihitaji tayari.

Mtendaji Mstaafu

Hapo umesema kweli binti. Na wajumbe wangu wa mjini wanaosoma wasidhani kuchanganyika ni jambo jipya kwetu. Masasi yenyewe, mwaka 1876 wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifika pale na watu waliokombolewa utumwani, wametokea makabila tofauti, wengine hawakuwajua hata wazazi wao. Walijenga nyumba, wakaoana, wakazaa. Wengi wa Masasi ni wajukuu wa watu ambao familia zao zilianza upya mahali pasipo na ukoo.

Msema Kweli

Nimesoma majibu yote. La binti na kidato cha tatu nimelielewa. Bado nina wasiwasi kuhusu unyago. Msije mkageuza banda kuwa la kuchezea wali, yaani wasichana wanaofundwa.

Mwana Newala (mleta uzi)

Hilo tulilijadili siku nzima, na liligawa watu. Wazee wa unyago walitaka banda mwezi wa sita. Familia za kilokole zikasema ngoma ikipigwa pale hawarudi. Tukaamua wali hawakai ndani pale, siku za kutoka wali ngoma inachezwa uwanjani kama zamani. Lakini kungwi wetu mkubwa ni mjumbe wa kamati, na ni yeye aliyeketi na akina mama akasema mtoto wa darasa la nne hachezwi unyago, asubiri. Mimi nisingesikilizwa kwa neno hilo. Yeye walimsikiliza.

Mkutano mkuu ni wiki ijayo, nimeshaandika ajenda: funguo, makuti, mifereji upande wa pili, mlango wa choo. Fundi, nikuombe vipimo vya kile kiti cha mbao chenye tundu, seremala wetu hajawahi kukiona. Mama wa Lindi, tuna watoto wawili wenye ualbino, mmoja wa miaka minne, mwingine kumi na moja. Nitumie namna unavyokata ile kofia ya ukingo mzima. Bibi yule ana cherehani na amesema atashona yeye, ila anataka kujua upana wa ukingo kabla hajakata kitambaa.